TAHADHARI: Yule anayejiita mpima bei wa medali, upande wa Poste, ni mwizi

Ndugu na dada wa Lubumbashi, someni hii na mupashe wengine. Kuna mtu mjini, si mbali na Poste, mwenye meza ya vitu vya zamani: misalaba ya mukuba (shaba), franga za Katanga za 1961, malakite. Anasema anajua bei ya kila medali ya askari. Amechukua medali ya nkambo, babu yetu aliyekuwa askari, na kunipa chuma kilichopakwa rangi.

Kwa nini tulikuwa tunatafuta bei, waliofika kwenye matanga wanajua. Mambo ya nyumba ya Katuba sitayarudia hapa.

Nilienda asubuhi, yaya, mkubwa wangu, akiwa kazini. Medali ilikuwa ndani ya kitambaa cheupe cha nkambo, pamoja na buku yake ya askari. Yule mtu si kijana wa barabarani. Ni mzee mwenye mvi, shati limepigwa pasi, anaongea taratibu. Alipoiona akasimama. Akaipokea kwa mikono miwili, akaweka jichoni kioo kama cha fundi wa saa, akasoma neno lililo kwenye kile kipande cha juu ya utepe: Abyssinie, yaani Ethiopia. Kisha akaniangalia, akasema, "Mama, nkambo yako alifika Saïo."

Niambieni nani hangemwamini! Sikuwa nimemwambia lolote. Ni yeye aliyenieleza jinsi Force Publique, jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji, ilivyotoka Kongo hadi Ethiopia kupigana na Waitaliano, Asosa, Gambela, mpaka Saïo, ambako jenerali Gazzera wa Waitaliano alijisalimisha kwa Gilliaert, jenerali wa Force Publique, mwezi wa saba 1941. Akarudi nyuma hadi vita ya kwanza, jenerali Tombeur na askari wetu kuingia Tabora, iliyokuwa ya Wajerumani, mwezi wa tisa 1916. Yote ni kweli, na habari ya Saïo ndiyo ile ile nkambo aliyotusimulia tukiwa watoto. Hapa mjini ni wangapi wanaokumbuka kwamba wazee wetu walipigana huko? Machozi yalinitoka mbele yake. Mtu akimheshimu marehemu wako namna ile, huanzi kumchunguza mikono.

Akataja dola elfu tatu, labda zaidi, eti kuna Wabelgiji wanaozikusanya. Lakini kwanza aipime uzito na kuijaribu kwa asidi, ajue kama ndani kuna dhahabu. Kazi hiyo dola hamsini. Nikatoa. Akaingia nyuma ya pazia: "Moshi wa asidi ni mbaya, mama, bakia hapo." Nikasikia chupa inafunguliwa, harufu kali ikanipiga puani. Kijana wake akaniletea kiti na maji baridi. Nikakaa pale namshukuru Mungu, huku mwizi anabadilisha kitu cha nkambo hatua chache tu kutoka nilipo! Aliporudi, medali ilikuwa imefungwa ndani ya kile kile kitambaa chetu, juu yake plastiki iliyobandikwa gundi pande zote. Nisifungue mpaka mnunuzi aje, akasema, hewa itaiharibu. Buku ya askari akabaki nayo ili aandike sertifika.

Baada ya hapo simu haipokelewi. Yaya akakata plastiki, baba mdogo akaishika, akasema papo hapo si yenyewe. Ile yetu ina alama ya kukwaruzwa pembeni, tangu nkambo alipoiangusha kwenye reli. Hii haina. Tukaileta karibu na sumaku, ikanata. Bronzi hainati!

Niliporudi kwenye meza yake akasema hanijui. Akaniita mama aliyechanganyikiwa, kwa sauti kubwa, mbele ya wateja, na watu wakacheka. Aibu ile bado iko kwenye koo langu. Huyu aende gereza la Kasapa, na si kwa miezi. Mvi zake zisimwokoe, maana ndizo anazotumia kuiba. Na yule kijana wa maji aende naye. Wanaouza kando yake wanajua kila kitu, wananyamaza, nao waulizwe. Mtu anayewaibia wafu wa watu hafai kuachiwa meza mjini.

Kwa wenye medali nyumbani: hizi za kumbukumbu ya vita nyingi ni bronzi, hakuna dhahabu ya kutafuta kwa asidi. Ya kweli imegongwa kwa mashine, herufi zake ni kali. Ya bandia ya kumwagwa ina vitundu vidogo na mara nyingi mstari pembeni. Medali peke yake si ya bei kubwa. Wanaokusanya wanalipia jina, yaani buku, picha, karatasi za yule askari, na ndiyo maana huyu mwizi alishikilia buku yetu. Mtu akitaka kuipeleka mahali usipoona, ichukue uondoke. Pigeni picha kwanza, mbele, nyuma na pembeni.

Malalamiko yangu yako kwa OPJ, afisa wa polisi wa upelelezi. Mukiuziwa medali yenye neno Abyssinie na mkwaruzo pembeni, au buku ya Force Publique iliyoandikwa Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) yenye doa la mafuta kwenye jalada, musinunue. Pigeni picha ya kitu na ya anayeuza, munitumie inbox, hata usiku.