Kardani ya Golf ya kwanza: ununue ipi Lubumbashi?

Ulaya ilihamia Volkswagen Golf ya pili mwaka 1983, lakini Afrika Kusini iliendelea kuunda ile ya kwanza, kwa jina la Citi Golf, hadi 2009. Ndiyo sababu piesi zake bado zinapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kazi ni kupata kardani inayoingia, yaani ile fimbo inayopeleka nguvu ya giaboksi kwenye gurudumu, yenye kichwa (kiungo cha gololi) kila upande.

Pima kwanza. Kichwa cha upande wa giaboksi kina kipenyo cha milimita 90 au 100, kutegemea giaboksi, na matundu ya bolti zake sita hayalingani. Hesabu meno yanayoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Pima na urefu, maana ya kushoto ni fupi na ya kulia ndefu. Beba ile ya zamani hadi dukani. Muuzaji kusema "Hii ni ya Golf, patron" si kipimo.

1. Kichwa kipya cha nje, upande wa gurudumu. Kama gari linalia ta-ta-ta ukikata kona na fimbo ni nzima, nunua hiki tu, cha GKN au Löbro. Sanduku liwe na sufle (mfuko wa mpira unaofunika kichwa), klipu mbili, pete ya kufungia, grisi nyeusi ya molibdeni na nati ya habu. Nati ya zamani hairudishwi.

2. Sufle pekee. Inafaa ikipasuka leo na kichwa bado kimya. Sugua grisi kati ya vidole viwili: ukisikia mchanga, umechelewa. Vumbi letu jekundu la kiangazi likichanganyika na grisi linasaga chuma kama msasa.

3. Kardani nzima mpya. Pale tu vichwa vyote viwili vimechoka, au meno ya fimbo yameliwa.

4. Okazioni, yaani iliyotumika. Muuzaji akikataa usifungue sufle, ondoka. Akikubali, kunja kichwa hadi mwisho, pangusa grisi, uangalie njia za gololi sita. Kishimo kimoja kinatosha kuirudisha.

5. Kichwa kisicho na jina kwenye boksi. Bei tamu, chuma laini. Hata sufle yake hukauka na kupasuka mapema.

Kwenye kufunga, wengi huharibu bolti za kichwa cha ndani, kile cha giaboksi. Zinataka biti ya XZN 8 yenye pembe 12; fundi akilazimisha alen (ufunguo wa pembe sita), matundu ya bolti yanakuwa mviringo na kazi inahamia kwa mchomeleaji. Safisha tundu la kila bolti kwa msumari kabla ya kupachika biti. Kwenye kichwa cha nje weka gramu 90 za grisi, nusu kwenye gololi, nusu ndani ya sufle. Ile sahani iliyobonyea na pete ya plastiki zirudi kwa mpangilio ule ule. Zipige picha kabla ya kuzitoa.

Bolti za ndani kaza kwa Nm (nyutonimita) 45. Nati ya habu, soketi ya 30, ilegezwe na ikazwe magurudumu yakiwa chini, Nm 230 hadi 240. Gari lisisukumwe hata mita moja kardani ikiwa imetolewa: uzito utaangukia rulma (beringi ya gurudumu) peke yake, na wiki ijayo utakuwa unanunua rulma.