Kutoka kerneli 5.10 hadi 6.1: uzoefu wangu na makosa matatu yaliyonisimamisha

Natumia Linux kila siku kwa kazi, na kupandisha kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa vya kompyuta, nilishakuzoea: amri moja, kuwasha upya, kazi inaendelea. Safari hii nilikuwa natoka 5.10, iliyotolewa Desemba 2020, kwenda 6.1 ya Desemba 2022. Zote mbili ni matoleo ya muda mrefu, yale yanayoendelea kupata marekebisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Mfumo wangu ni wa familia ya Debian, diski imesimbwa, na laptopu yenyewe si mpya. Nilitenga jioni moja tu kwa kazi hii. Ikala siku mbili.

Nitoe hukumu mapema kwa anayetafuta jibu la haraka: kerneli 6.1 naipa nyota tano. Iliyoniangusha si yenyewe, ni vitu vinavyoizunguka, na kila kimoja kilijificha nyuma ya mwenzake. Nilipotatua la kwanza ndipo la pili likajitokeza, na hapo ndipo mtu huanza kudhani kila kitu kimeharibika.

Baada ya kuwasha upya, skrini ilijaa maandishi meupe kisha ikaganda, taa ya Caps Lock ikiwaka na kuzimika. Mstari wa chini ulisema: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Niliogopa diski imekufa. Lakini zile sifuri mbili zinasema jambo jingine: kerneli haijakiona hata kifaa kimoja cha diski cha kuanzia. Na kulikuwa na dalili kubwa zaidi ambayo niliipuuza kwa nusu saa nzima, kwamba sikuwa nimeulizwa nenosiri la diski. Kinachouliza nenosiri hilo ni initramfs, mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kwenye RAM kabla diski haijafunguliwa, wenye draiva na programu za kuifungulia. Kama hujaulizwa, basi initramfs haikupakiwa kabisa. Diski haina kosa.

Jambo moja ningependa watu walijue kabla ya siku kama hii. Hitilafu ya namna hiyo haiachi kumbukumbu yoyote kwenye diski, kwa sababu diski haijafunguliwa bado. Nilirudi baadaye na journalctl -b -1 nikitafuta kilichotokea, sikukuta chochote cha jaribio lile. Picha niliyopiga kwa simu ndiyo ulikuwa ushahidi pekee. Piga picha kabla hujagusa kitufe cha kuzima.

Kilichoniokoa ni menyu ya GRUB, programu inayoanzisha kerneli kompyuta inapowaka. Kwenye kompyuta za BIOS ya zamani unashikilia Shift inapoanza kuwaka. Kwenye za UEFI, mrithi wa BIOS, unabonyeza Esc. Nikaingia kwenye "Advanced options", nikachagua 5.10, nenosiri likaulizwa, mfumo ukawaka kama kawaida. Kabla ya kufanya lolote niliandika df -h /boot, kuona nafasi ya sehemu ya diski inayohifadhi kerneli, na jibu likawa hapo hapo: imejaa asilimia 100. Sehemu yangu ya /boot ina megabaiti 240 tu, nami nilikuwa nimeacha kerneli tatu za zamani, kila moja na initramfs yake ya takriban megabaiti 60. Ya nne ilikosa pa kukaa. Niliposoma tena kumbukumbu za apt, programu inayosakinisha vifurushi, nilikuta imesema wazi "No space left on device", katikati ya mamia ya mistari ambayo sikuisoma. GRUB ikaorodhesha kerneli mpya isiyo na initramfs.

Niliondoa kerneli mbili kwa apt purge, nikihakikisha kwanza kwa uname -r kwamba sigusi ile ninayoitumia wakati huo. Kisha update-initramfs -c -k ikifuatwa na jina kamili la toleo kama linavyoonekana ndani ya /lib/modules, halafu update-grub. Nikawasha upya. Nenosiri likaulizwa. 6.1 ikawaka.

Wi-Fi haikuwepo.

Kadi yangu inategemea draiva isiyomo ndani ya kerneli; inajengwa upya na DKMS, programu ya kujenga draiva za nje, kila kerneli mpya inapoingia. Niliunganisha simu kwa waya wa USB ili nipate intaneti, nikaandika dkms status. Kwa 5.10 ilisema "installed", kwa 6.1 haikuwa na neno. Nilidhani ni kukosekana kwa faili za vichwa vya kerneli, zinazohitajika kujenga draiva, na kweli hazikuwepo, nikasakinisha linux-headers-amd64, kifurushi kinachofuata kerneli kila inapopanda. Ujenzi ukaanza, ukakwama.

Hapa ndipo nilipojifunza kusoma make.log, kumbukumbu ya ujenzi huo, kuanzia juu. Mwisho wa faili hiyo huwa na makosa mengi yanayotokana na kosa moja, na ukiyashika ya mwisho utazunguka bure. Kosa la kwanza lilihusu PDE_DATA, likiuliza kama nilimaanisha pde_data. Tangu kerneli 5.17 jina la kazi hiyo (function, kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) liliandikwa upya kwa herufi ndogo. Hakuna kingine kilichobadilika pale, ni herufi tu, lakini msimbo wa C hautambui PDE_DATA na pde_data kuwa kitu kimoja.

Wengi wanapofika hapa huilaumu kerneli, nami siwaungi mkono. Linus Torvalds ameshikilia kwa miaka mingi kwamba mabadiliko ya kerneli yasivunje programu za mtumiaji, na ahadi hiyo imetunzwa vizuri: vihariri, vivinjari na hifadhidata zangu zote ziliamka bila kuguswa. Lakini kwa moduli, yaani vipande kama draiva, zinazoishi nje ya kerneli hakuna ahadi ya namna hiyo, na nyaraka za kerneli zinalisema hilo waziwazi. Draiva iliyomo ndani hurekebishwa na yule yule anayebadilisha jina. Iliyo nje humsubiri aliyeiandika. Ya kwangu ilikuwa imesubiri muda mrefu mno, kwa hiyo draiva ile naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu toleo jipya la msimbo wake, nilipolipata, lilijengeka mara ya kwanza.

Lilijengeka, likakataa kupakiwa. modprobe, amri ya kupakia moduli, ikajibu "Key was rejected by service". Hii ilikuwa fupi kuliko nilivyohofia. mokutil --sb-state ilithibitisha kwamba Secure Boot, ulinzi unaokataa msimbo usio na saini inayotambulika, imewashwa, na DKMS mpya ilikuwa imetia saini moduli kwa ufunguo wake mpya ambao kompyuta haikuwa imeusajili. mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub, nywila ya muda, kuwasha upya, na kwenye skrini ya bluu inayotokea kabla mfumo haujawaka kuchagua "Enroll MOK", yaani kusajili ufunguo huo. Usiiache ile skrini ipite. Ikikupita unaanza upya. Wapo watakaokushauri uzime Secure Boot ili kumaliza haraka. Mimi sikufanya hivyo, kwa kuwa usajili ulichukua dakika tano na ulinzi umebaki.

Sasa nina wiki kadhaa na 6.1. Laptopu inaamka usingizini bila kuganda, jambo ambalo 5.10 ilikuwa ikinisumbua nalo mara kwa mara, na kwangu hilo pekee limelipa zile siku mbili. Kabla ya kuwasha upya baada ya sasisho lolote, naangalia nafasi ya /boot, naangalia kama faili ya initramfs (initrd) ya toleo jipya ipo humo, na naandika dkms status. Haifiki dakika moja.

GRUB nimeipangia isubiri sekunde 5 na menyu ikiwa wazi. 5.10 bado imo kwenye menyu hiyo, na nitaiondoa 6.1 itakapopita sasisho moja zaidi na kuwaka salama.