Rayhunter: inanasa dalili za minara bandia ya polisi

Stingray, kifaa cha polisi cha kupeleleza simu, na vifaa vya jamii yake hujifanya mnara wa simu, na simu zote zilizo karibu hujiunga navyo, hata za wapita njia. Hilo ni jambo zito.

Rayhunter, programu ya bure ya EFF (shirika la Marekani la kutetea haki za kidijitali) iliyotoka 2025, huwekwa kwenye raota ya mfukoni Orbic RC400L, inayopatikana Marekani kwa takriban dola 20. Kwa Afrika na Ulaya chukua TP-Link M7350. Masafa ya redio ya Orbic ni ya Marekani.

Chomeka laini, hata isiyo na bando. Mstari wa kijani juu ya kioo: inafanya kazi. Ukiwa mwekundu, mnara umejaribu kukushusha hadi 2G, ambako mnara hauthibitishi utambulisho wake, au umedai IMSI (namba ya utambulisho ya laini yako) katika mazingira ya kutiliwa shaka. Usikurupuke: mitandao halali nayo huzua tahadhari. Kwenye Orbic, fungua 192.168.1.1:8080 upakue rekodi zichunguzwe.

Rayhunter haizuii chochote, kwa hiyo zima 2G kwenye mipangilio ya Android. Kinga ya kisheria bado nyembamba: sera ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya 2015 inadai hati ya mahakama, lakini polisi wa majimbo wanaofanya kazi peke yao haiwafungi.