Fundi wa vifaa vya maabara Ngamiani: kazi anaiweza, risiti sasa

Jamani wa Tanga mnaohangaika na vifaa vya maabara ya kemia, kuna fundi Ngamiani huku kwenye barabara za namba, tulimpa kazi ya chuo: mzani wa desimali nne za gramu, pH mita mbili (za kupima ukali wa asidi) na spektrofotomita (ya kupima mwanga unaopita kwenye kimiminika) iliyokua inasoma inavyojisikia. Nampa nyota nne.

Kwenye pH mita ndo nilimkubali. Kakuta elektrodi, zile ncha za kupimia, zimelowekwa kwenye maji yaliyokenekwa, akaguna, "nyie ndo mnaziua hizi", zinatakiwa zikae kwenye maji ya chumvi ya potasiamu kloraidi, ukali wa mola 3, maana maji matupu yanazinyonya chumvi ya ndani mwisho zinasoma kwa kusuasua. Akazisafisha, akazikalibreti kwa bafa (kimiminika chenye pH inayojulikana) ya 7 halafu 4 na 10, moja slopu, yaani usikivu wake, ikafika asilimia 96, nyingine 81 akasema hiyo nunueni mpya tu, hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mzani akauhamisha toka chini ya feni, akausawazisha mpaka kile kipovu kikakaa katikati, akaweka na silika jeli maana unyevu wa hapa pwani mnaujua wenyewe. Spektrofotomita ilikua taa ya tangsteni tu imechoka.

Nyota iliyobaki nimemnyima kwa ile taa, kila siku "ipo kwenye basi inatoka Dar", basi gani hilo halivuki Chalinze? Na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) mdai kabla hamjaanza kazi, la sivyo mhasibu wenu hatawaelewa.