Deno kwa kazi ya kweli, achana na demo

Wengi wanaoisifia Deno, programu ya kuendeshea JavaScript na TypeScript nje ya brauza, wanaanza na spidi, na mi naona hapo ndo wanapoiuza vibaya, maana API ya kawaida muda wake mwingi inasubiri databezi tu, sasa hata injini ikimbie vipi mteja hatojua tofauti. Kama unataka kuiweka kwenye seva inayobeba watu wa kweli, kitu cha kuangalia ni yale mambo yake ya ruhusa, yanafanya kazi au ni mapambo.

Kwa asiyeijua, Ryan Dahl ndo aliyetengeneza Node, programu ya kazi hiyohiyo iliyotangulia, mwaka 2009, halafu 2018 akapanda jukwaani kule Berlin akataja mambo kumi anayojutia kwenye Node, na Deno akaitambulisha palepale. Toleo la 1.0 lilitoka Mei 2020, la 2.0 Oktoba 2024, imeandikwa kwa lugha ya Rust na inatumia V8, injini ileile inayoendesha JavaScript kwenye Chrome. Hilo la 2.0 ndo lililofanya niichukulie siriasi, kwa sababu package.json (faili la Node la kuorodhesha pakeji) na pakeji za npm, ghala la kodi za watu wa Node, zinakubali bila mizunguko mingi. Zamani moduli ulikuwa unazivuta kwa URL, yaani seva ya mtu mwingine ikilala na wewe huna kopi basi umekwama.

Sasa hizo ruhusa. Programu ikiwaka haiwezi kwenda mtandaoni, haiwezi kusoma env (mipangilio ya mashine, kama nywila za databezi), haiwezi kufungua faili zako, mpaka uitajie mwenyewe. Chukua sevisi ndogo tu inayosikiliza poti 8000 na kuongea na databezi ya Postgres kupitia pakeji ya pg. Unaandika --allow-net=0.0.0.0:8000,db:5432, yaani ruhusa ya mtandao kwa poti yako na databezi tu, unajiona umemaliza, unaiwasha, inasimama katikati inakuuliza kama isome env fulani ambayo wewe hujaiandika popote kwenye kodi yako! Ni pg hiyo, ina kawaida ya kujitafutia PGHOST, PGUSER na wenzake. Inakera kweli, ila umeshajua mgeni uliyemkaribisha anagusa nini, na kwenye Node ungejua hilo kwa kusoma kodi yake yote, kazi ambayo hakuna anayeifanya tusidanganyane. Halafu kumbuka kwenye seva hakuna mtu wa kubonyeza y, ruhusa ikikosekana unapata eror ya NotCapable, kwa hiyo hukohuko kwenye laptop jaribu na --no-prompt, inayozima hayo maswali, kabla hujapandisha.

Faida yake inaonekana ukikumbuka event-stream mwaka 2018, pakeji iliyokabidhiwa msimamizi mpya akapenyeza kodi ya kuiba pochi za bitcoin. Ukiwa umefunga mtandao ubaki na databezi yako tu, kodi kama ile hata ikiiba haina pa kupeleka. Na zile skripti za postinstall zinazojiendesha wakati wa kuinstoli, Deno haziendeshi mpaka useme.

Lakini usilale. Ruhusa ni za programu nzima, sio za kila pakeji, ni kama mlinzi wa getini, anakagua mlangoni vizuri sana lakini ndani ya nyumba kila mtu anazunguka vyumba vyote. Ukiipa pg env, basi na kale kapakeji ka kupanga tarehe kamepata env. Na --allow-run ndo kabisa, programu nyingine ikishaanzishwa kutoka ndani, sheria za Deno haziihusu. --allow-ffi, ruhusa ya kuita kodi iliyoandikwa kwa lugha kama C, hivyohivyo, na pakeji zenye kodi ya C ndani zinaitaka, kwa hiyo kama mfumo wako umejaa hizo unabaki na ulinzi wa jina. Halafu kuna -A, inayofungua kila kitu, maelekezo mengi ya kujifunzia yanaiweka kwenye mstari wa kwanza kabisa, ukienda nayo seva basi ungebaki na Node yako tu.

TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, nayo inasifiwa kwamba kwenye Deno inaenda moja kwa moja. Inaenda, ila deno run haikagui aina zako, inazifuta tu na kuendelea, ukaguzi ni deno check na lazima uuweke mwenyewe kwenye hatua za kupandisha kodi. fmt ya kupanga kodi, lint ya kunusa makosa na test ya majaribio zimo ndani, safi, sina neno.

Node nayo haijalala. Toleo la 20 mwaka 2023 lilikuja na ruhusa zake, japo zilipoanza hazikuzuia mtandao, ambao kwangu ndo wenyewe. Na matoleo ya karibuni yanaendesha TypeScript bila kuongeza kitu.

Kinachonishika mkono ni muda wa kuhudumiwa. Matoleo ya LTS (yanayohudumiwa muda mrefu) ya Deno yalianza na 2.1 Novemba 2024 na yalipangiwa miezi 6 tu, wakati Node inakupa kama 30. Timu ya watu wawili wenye kazi nyingine kibao, kuapdeti kila nusu mwaka ni mzigo jamani.

Kwa hiyo webhuki (anwani inayopokea taarifa kutoka mifumo mingine), API ndogo mpya, skripti za usiku zinazogusa data za watu, mi naweka Deno na ruhusa zimeandikwa moja moja. Mfumo mkubwa wa miaka mingi uliotulia kwenye Node na una moduli za C kila kona, siugusi.