Kupeleka korosho Bandari ya Mtwara na Fuso langu: uzoefu wangu

Nina Fuso moja, na msimu wa korosho ndio unaonilipia ada za watoto. Miaka ambayo korosho nyingi zilikuwa zikipelekwa Dar es Salaam kwa malori, sisi wenye gari ndogo tulibaki kijiweni tukihesabu semi zinazopita. Serikali ilipoagiza mwaka 2023 kwamba korosho zisafirishwe kwa Bandari ya Mtwara, kazi ikarudi mikononi mwetu. Kwa hiyo bandari hii naizungumzia kama mtu anayekula kwayo.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Novemba. Nilipakia magunia 120 ghalani Tandahimba, vumbi jekundu mpaka Mnivata, kisha lami hadi mjini. Langoni sikukawia: karatasi zikakaguliwa, gari likapanda mizani, nikaambiwa nisubiri zamu. Hapo sina neno.

Ukiingia ndani ndipo unapoona tofauti. Gati la zamani, lenye mita 385, lilijengwa kwa ajili ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, likaanza kazi mwaka 1954, mpango ukiwa umeshavunjwa. Karanga zilikuwa zimegoma, reli ya Nachingwea iliyojengwa kuzibeba ikang'olewa, gati likabaki. Ujenzi wa gati jipya la mita 300 ulianza mwaka 2017, nalo ndilo lililotupunguzia foleni. Siku hiyo upande mmoja ilikuwa inapakiwa meli ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma, upande mwingine yanashushwa makasha. Kina cha maji ni cha asili, meli kubwa inafika mpaka ukutani. Bandari ya namna hii tumejaliwa, na inaniuma nikikumbuka miaka iliyokaa bila kazi.

Jambo moja linanisumbua: makaa na korosho kukaa jirani. Korosho ni chakula. Upepo ukivuma, vumbi jeusi halichagui pa kutua. Ile bandari ya mizigo michafu kama makaa kule Kisiwa Mgao iharakishwe, nasema kwa moyo wote.

Sasa adha niliyoipata. Makasha matupu hayakuwepo. Kampuni ya meli iliyokodiwa na mnunuzi ilikuwa haijayaleta, na wakala wake alikuwa anajua tangu juzi yake bila kutuambia. Nikalala ndani ya gari siku mbili. Usiku wa pili mvua ikanyesha. Mimi na utingo wangu tulipanda juu ya mzigo, tukatandika turubai la pili juu ya la kwanza na kulikaza kamba tukiwa tumelowa chapachapa. Korosho ikinywa maji inaota ukungu, na mzigo ukikataliwa mwenye gari ndiye anayeulizwa.

Asubuhi mkaguzi akaja na bambo lake, kile chuma cha kuchomea gunia.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Mvua ya jana mlikuwa nayo hapa hapa?"

Akachoma gunia la pembeni, korosho zikamteremkia kiganjani. Akazipima unyevu kwa kile kimashine chake, akakata chache kwa kisu, akatazama moyo wake: nyeupe. Akachoma la katikati, kisha la chini kabisa, lile nililokuwa naliogopa. Nalo kavu.

"Turubai zako zimekusaidia. Shusha."

Kushusha kulichukua muda mfupi kuliko nilivyotarajia. Makuli walishalibandika kasha karatasi ngumu ndani, ukutani mpaka sakafuni, za kuzuia jasho la chuma baharini, maana safari ya Vietnam au India ni ndefu. Magunia yakapanda mabegani moja moja, na kabla ya adhuhuri gari lilikuwa tupu.

Bandari yenyewe naipa nyota nne. Mwenye gari mwenzangu, kabla hujapakia ghalani mpigie wakala umuulize makasha yamefika au bado, tena mwambie akutumie picha. Na turubai ziwe mbili.