Taa za baiskeli za kuchaji: nimenunua tatu, nimebaki na moja

Mimi niko Mwanza, natoka Nyakato saa kumi na nusu alfajiri kuwahi samaki Mwaloni Kirumba, kwa hiyo taa kwangu sio urembo. Dinamo nilishaing'oa zamani, ukipanda mlima inakuvuta mguu, ukisimama kwenye mataa inazima, yaani pale pale unapotakiwa kuonekana ndio unakuwa giza. Nikaenda Makoroboi kutafuta za kuchaji.

Ya kwanza 15,000, betri ya kutoa ile saizi ya 18650, imeandikwa mAh 9900, yaani kiasi cha chaji inachobeba. Jamaa ananiambia mkuu hii mwanga wake unafika Ukerewe. Usiku wa kwanza iliwaka kama karabai la wavuvi wa dagaa, usiku wa pili sijafika hata Mabatini ishaanza kusinzia. Aisee betri ya saizi ile hata iwe orijino kabisa inabeba kama 3500 tu, ukiona 9900 hapo umeandikiwa hadithi.

Ya pili 40,000, lumeni 1000 (hicho ni kipimo cha mwanga), na mwanga kweli upo sio utani, ila ni wa duara kama tochi, nusu unaenda kumulika miti, kila hiace ninayopishana nayo inanipigia full na tusi juu. Ukiiacha kwenye mwanga mkubwa masaa mawili haimalizi. Halafu kale karaba ka kufunika tundu la chaji kakalegea, mvua moja tu kwisha habari. Boksi liliandikwa IPX4, kumbe hiyo ni kinga ya kurushiwa maji tu, sio mvua ya Mwanza ikiamua.

Ndio nikapata hii ya 28,000. Lumeni 400 tu, muuzaji mwenyewe hata hakuisifia, lakini mwanga wake umekatwa juu, unalala barabarani, shimo naliona mapema kabla tairi halijalikuta. Naiweka mwanga wa kati, nachaji mara mbili kwa wiki, na waya ni type-C ule ule wa simu. Shida yake mkanda, unateleza kwenye usukani wa baiskeli yangu ya Phoenix, taa inainama inaanza kumulika madigadi, nikazungushia kipande cha tyubu chini yake ikatulia.

Ya nyuma nilichukua ile nyekundu ya kupepesa, 8,000, nikaifunga chini ya siti kama kwenye picha ya boksi. Siku moja bodaboda kanikosa kosa, kasimama anafoka, we mzee mbona huna taa? Nashuka kuangalia, taa inawaka vizuri tu ila inamulika tenga la samaki, nyuma haitoki hata chembe. Wenye keria na tenga msiifuate ile picha, ifungeni kwenye tenga lenyewe kwa nyuma. Mimi ndio nimefanya hivyo, ila jioni lazima niipanguse maana magamba ya sato yanaganda kwenye lenzi balaa.